Vichupa vya Alhamisi

Mtu akitaka kuharibikiwa haanzi na kosa kubwa. Huanza na kuahirisha. Onesmus, dresa wa hospitali ndogo ya misheni ya Shitavita, nje ya mji wa Kakamega, aliahirisha jambo moja kwa siku nne tu. Sababu yake ilikuwa ya kipuuzi hivi kwamba hata leo watu wa upande ule wakiieleza hutazama chini.

Siku hizo, mwaka wa tatu tangu Uhuru, dresa hakuwa mtu wa kufunga vidonda tu. Daktari Mzungu alikuwa amekwisha kurudi kwao, na daktari aliyebaki alitoka mjini Jumanne tu, tena barabara ikikubali. Siku zilizosalia, chumba cha dharura, ambacho kila mtu alikiita kaswalti, kilikuwa mikononi mwa Onesmus. Aliwashona waliopigwa pembe na mafahali. Aliwatoa udongo mdomoni waliofukuliwa kutoka mashimo ya dhahabu ya Malinya. Alikuwa na mkono mwepesi na moyo mzuri, na hilo lisemwe mapema, kwa sababu mbele ya safari msomaji atashawishika kumchukia.

Kasoro yake ilikuwa moja: alipenda kusikilizwa. Kila mara wizara ilipobadilisha dawa ilituma waraka kwa Kiingereza, ndani ya bahasha ya kaki. Dawa hii isipewe tena watoto wachanga. Ile imepunguzwa nguvu. Nyingine imeua watu mahali fulani, irudishwe. Pale Shitavita waraka ulisomwa Jumatatu baada ya sala. Onesmus alisimama kwenye ngazi, wauguzi na wafagiaji na mpishi wakiwa chini yake, akausoma kwanza kwa Kiingereza, polepole, ingawa karibu wote hawakuambulia kitu. Kisha alifafanua kwa Kiswahili, akamalizia na msemo wake ule ule, kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Wenzake walimtania wakamwita Spika. Yeye alijifanya kuchukia, lakini siku wasipomwita hivyo alirudi nyumbani amenuna.

Alhamisi moja ya mwezi wa nane basi lilishusha sanduku la dawa, na juu yake bahasha. Onesmus alilifungulia stoo akiwa peke yake. Dawa ya sindano ya pumu ilikuwa imekwisha wiki nzima, kwa hiyo aliitafuta hiyo kwanza. Aliikuta, lakini haikuwa na sura aliyoizoea. Chupa ya zamani ilikuwa ndefu kama kidole cha kati na maji yake yalijaza sindano kubwa. Hivi vilikuwa vichupa vifupi, havizidi ncha ya kidole gumba. Ile ya zamani iliandikwa tatu na robo tatu, kwa vipimo vya kikoloni. Hivi viliandikwa nukta tano, kwa gramu. Jina lilikuwa lile lile.

Akaufungua waraka, na alipofika mstari wa nne akarudi kuusoma tena. Kichupa kile kidogo kilikuwa na dawa mara mbili ya ile chupa ndefu, imekazwa ndani ya maji machache. Kilikuwa cha kudungwa kwenye nyama ya paja. Kikipelekwa kwenye mshipa wa damu jinsi kilivyo, kwa mkono uliozoea dawa ya zamani, moyo wa mgonjwa huweza kusimama. Wagonjwa wawili, ulisema waraka, walikuwa wamekwisha kufa namna hiyo. Wafanyakazi wote waelezwe mara moja.

Ng'ambo ya ua alimwona Sista Sellah akikunja bandeji juani. Sellah alikuwa muuguzi mgeni, binti wa familia iliyopewa shamba la Mzungu kule Lugari, ana miezi miwili tu pale. Onesmus alifungua mdomo amwite, kisha akaufunga. Jumatatu tatu zilikuwa zimepita bila waraka, amesimama kwenye ngazi hana la kusema. Na huu ulikuwa na vifo ndani yake. Huu ungewanyamazisha hata wafagiaji. Ukiwaambia leo mmoja mmoja uani, Jumatatu utasoma nini?

“Nitakuwepo mwenyewe,” alijiambia. “Ufunguo ninao mimi.”

Akaukunja waraka akautia mfuko wa koti. Akavipanga vichupa kwenye rafu ya pili ya kabati, mahali pale pale zilipokaa chupa ndefu. Wahenga walisema ngoja ngoja huumiza matumbo, lakini tumbo la Onesmus siku ile lilikuwa shwari kabisa.

Jioni nyumbani alimkuta mkewe, Jescah, akifunga unga wa wimbi kwenye kitambaa ampelekee mama yake Malinya. Mama huyo, Ayuma, alikuwa na pumu ya miaka mingi. Onesmus hakuwa mkwe wa maneno. Kila mwezi alimtumia vidonge kupitia kwa Jescah, na kila mavuno Ayuma alimrudishia ndizi na kuku, ingokho aliyenona. Katika miaka mitano ya ndoa alikuwa amemwona mara moja tu, kwa mgongo, akipotelea kwenye mahindi.

Ndivyo ilivyokuwa desturi. Mwanamume na mama wa mkewe hawakutani. Wakionana njiani, mmoja huingia shambani mpaka mwenzake apite. Hawashikani mikono, hawali pamoja, na mkwe hapandishi sauti mahali mama mkwe anapoweza kuisikia. Kumkuta amelala ni aibu. Kumwona bila nguo ni jambo ambalo watu walilitaja kwa kunong'ona, na walioshikwa nalo walitambikiwa ndipo wakarudi kuhesabiwa miongoni mwa watu. Hiyo si chuki. Ni heshima iliyozidi kipimo mpaka ikafanana na hofu.

“Mwambie namsalimu,” Onesmus alisema Alhamisi ile, akanawa mikono, akala ugali wake wa obusuma akashiba.

Ijumaa ilipita salama, na usalama huo ndio uliommaliza. Jumamosi ilikuwa siku ya kupiganisha mafahali. Tangu asubuhi ngoma za isukuti zilisikika kutoka ng'ambo ya bonde, na nusu ya wafanyakazi waliomba ruhusa wakaenda kutazama. Kaswalti walibaki Onesmus na Sellah, wakichemsha sindano na kungoja majeruhi.

Aliyekuja kwanza hakuwa majeruhi. Sellah alichungulia mlangoni akageuka.

“Bwana Onesmus, wanaleta mama kwa machela. Ni pumu. Midomo yake imekuwa ya buluu.”

Onesmus alitoka mbio hadi kizingitini, kama alivyotoka kwa kila mgonjwa, na hapo akasimama. Mbele ya machela alitembea Navalayo, mdogo wake Ayuma, ameishika leso kwa mikono miwili kama pazia. Nyuma yake walikuja wanawake wawili wa ukoo, na mzee Patroba, kaka yao mkubwa, na fimbo yake.

“Mkwe,” Navalayo alisema, “geuka.”

Onesmus akageuka akautazama ukuta. Nyuma yake aliisikia pumzi ya Ayuma, inakwaruza kama mlango wenye bawaba kavu. Alizijua pumzi za namna hiyo. Huyu hakubakiwa na saa nzima.

“Sista,” alisema kwa sauti ya chini, akautoa ufunguo mkandani na kuupitisha nyuma ya mgongo wake. “Huyu ni mama yangu. Siwezi kuwa hapa. Shika ufunguo. Dawa ya pumu iko rafu ya pili. Lakini ile dawa—”

“Mkwe, tunangoja wewe utoke,” Navalayo alisema kutoka mlangoni. “Hatumwingizangi na wewe ndani. Mama anakufa hapa nje.”

Na kweli walisimama. Wabeba machela hawakupiga hatua hata moja. Kila neno ambalo Onesmus angeongeza lingekuwa pumzi moja aliyoibiwa mgonjwa.

“Uiangalie vizuri,” alisema.

“Ninaijua, Bwana Onesmus. Nimeidunganga mara nyingi.”

Alikuwa anaijua ya zamani. Onesmus akatoka kwa mlango wa nyuma, na machela yakaingia kwa mlango wa mbele.

Nyuma ya jengo palikuwa na mawe ya kufulia na kamba za mashuka. Onesmus alisimama pale, dirisha la kaswalti likiwa wazi juu ya kichwa chake. Alisikia kila kitu. Alimsikia Sellah akisema mgonjwa avuliwe blauzi apate hewa. Alisikia wanawake wakihangaika na vifungo. Mkono wake ulikuwa mfukoni, umeshika waraka.

Sema sasa, moyo ulimwambia. Simama dirishani useme. Lakini kusema ni kupandisha sauti, na kusimama dirishani ni kuona. Akajitetea kama wajiteteavyo watu wote walio karibu na shimo. Sellah ni msichana makini. Sellah atasoma lebo. Sellah ataanza na sindano ile nyingine, ya chini ya ngozi, angoje kidogo, kisha atakuja mwenyewe hadi huku nyuma kuuliza. Muda bado upo. Ng'ambo ya bonde watu walipiga kelele. Fahali mmoja alikuwa amekimbia.

Ndani, kwa kweli, Sellah alisoma lebo. Alisoma jina, likawa lile lile. Alisoma namba, na hapo, maskini, alifanya hesabu ambayo mtu yeyote angeifanya: zamani tatu na robo tatu, sasa nukta tano. Akatazama na kimo cha kichupa. Kitu kidogo, namba ndogo. Serikali mpya imetuletea dawa ya maji maji, aliwaza, na mama huyu anakata roho. Kimoja hakitamfikisha popote.

Onesmus alisikia kijiwembe kikikwaruza shingo ya kioo. Kisha tik, kichupa kikavunjika. Alifumba macho. Kijiwembe kikakwaruza tena.

Tik.

Viwili.

Aliruka juu ya jiwe la kufulia akashika kingo za dirisha. “Sista, ngoja. Dawa hiyo si ile. Usipeleke kwa mshipa.”

Navalayo alikiona kichwa cha mkwe kwenye dirisha wakati dada yake amelala kifua wazi. Asingeshtuka zaidi kama kingekuwa kichwa cha chui. “Dilisha,” alilia, “fungeni dilisha, mkwe ameingiwa na wazimu,” na wanawake wawili wakapiga mayowe ili kuizima sauti yake, kama inavyopaswa, huku Navalayo akizibamiza mbao na kutia komeo. Sellah, aliyekuwa ameinama akitafuta mshipa kwenye mkono uliokuwa unapoa, alisikia kelele. Maneno hakuyasikia.

Mlango wa nyuma Onesmus aliukuta umefungwa kwa ndani, akazunguka jengo mbio. Mlangoni alimkuta mzee Patroba amesimama, fimbo yake imekingamishwa kwenye miimo.

“Huingiangi hapa leo, mwanangu.”

“Mzee, nipishe. Kuna kosa la dawa. Iko barua hapa.”

“Barua itasomwa baadaye. Mama yako hana nguo.”

Sasa ukweli wenyewe ni huu, na Onesmus hakuwahi kuuficha tangu siku aliyousema: fimbo ile ilikuwa nyembamba na mzee alikuwa mwepesi. Angemsukuma kwa bega moja. Lakini alisimama. Alisimama kwa sababu miaka mitano alikuwa ameitwa mkwe mwema, na miguu yake ilikataa kuliacha jina hilo. Alisimama kiasi cha mtu kuweza kusoma mstari mmoja wa waraka. Kisha akampiga mzee kumbo, fimbo ikaanguka ikavunjika, akaingia.

Sindano ilikuwa imechomwa mkononi mwa Ayuma na kidole gumba cha Sellah kilikuwa kimeisukuma hadi karibu na mwisho. Onesmus aliung'oa mkono wa Sellah. Ndipo kwa mara ya kwanza akauona uso wa mama wa mkewe. Ulikuwa uso wa Jescah, umezeeka. Macho yalikuwa wazi, na yalimwona. Mkono wake wa pili ulitambaa kutafuta leso ujifunike, ukaishika pindo, ukaivuta kidogo. Kisha mwili wote ukakakamaa, ukatikisika, ukatulia.

Onesmus alifanya yote aliyofundishwa na mengine aliyoyabuni. Alimbonyeza kifua, alimpulizia pumzi mdomoni, na Navalayo akaacha kulia kwa jinsi alivyotishika. Hakuna kilichosaidia. Alipoinua kichwa, jasho likimtiririka, alikuta kila mtu amekwisha kuamua.

“Umemuua kwa macho,” Navalayo alisema.

Hata Sellah alisadiki. Alikaa chini karibu na kabati. “Alikuwa anaanza kupumua, Bwana Onesmus,” alisema. “Nilimwona. Ulipoingia ndipo alishtuka.”

Onesmus alimtazama muuguzi yule, kisha akaligeukia kabati. Alikusanya vichupa vilivyosalia, akavifungia kwenye sanduku la chuma, akaandika juu yake kwa chaki kwamba visiguswe. Hilo alilifanya kwa ukamilifu. Alikuwa amechelewa siku mbili na pumzi chache.

Ayuma alizikwa Jumatatu kule Malinya. Baada ya mazishi wanaume walikaa upande mmoja wa boma na wanawake upande wa pili, na Onesmus akawekwa katikati juu ya kigoda. Watu wa hospitali walikuja, Sellah akiwa nao, amevaa nguo nyeupe na uso umemvimba. Kondoo jike alikuwa amefungwa kwenye mti wa uzio. Mambo yalikuwa yamekwisha kuzungumzwa: kondoo atachinjwa, mkwe atapakwa ufumba, yale majani ya tumboni mwa kondoo, aibu itaondoka, na ndoa itabaki ndoa. Hakuna aliyetaka kumwangamiza. Hata Navalayo, ambaye siku mbili hakutaka kusikia jina lake, alikuwa amesema kwamba kijana alipagawa tu.

Jescah alimtazama kutoka kwa wanawake, binti yao Kageha amelala pajani. Alikuwa amelia mpaka sauti imekauka, lakini alimtikisia mumewe kichwa, yaani maliza hili turudi nyumbani.

Mzee Patroba alisimama. “Onesmus, nakuuliza mbele ya watu. Kwa nini uliingia?”

Jibu lilijulikana. Mkosaji husema “nilikosa”, basi, na kisu kinatolewa. Neno moja tu. Onesmus alilisikia likiwa tayari ulimini, laini, halina mwiba. Akilisema, atalala kwake usiku ule. Sellah ataendelea kulala usingizi wa mtu asiye na hatia. Vichupa viko kwenye chuma, havitamdhuru mwingine. Nani ataumia? Kadiri alivyotafuta wa kuumia ndivyo alivyozidi kukosa, na hapo ndipo alipoogopa, maana alijiona jinsi atakavyoishi: mtu aliyesamehewa kwa jambo alilolifanya sawa.

“Kuingia sikukosa,” alisema. “Nilikosa kuchelewa kuingia.”

Akawaambia. Aliwaambia kuhusu waraka, na kichupa kidogo chenye nguvu ya chupa mbili, na mstari wa nne. Aliwaambia kwamba Sista Sellah hakuwa na kosa, kwa sababu wa kumfundisha alikuwa yeye, naye hakumfundisha. Hakuacha hata ile sababu, kwamba alitaka kuusoma Jumatatu akiwa juu ya ngazi. Alipoitaja hiyo sauti yake ilipotea, akairudia ili wasikie.

Sellah aliutazama mkono wake wa kulia, akaufunga, akaufungua, kisha akauficha chini ya mkono wa kushoto.

“Barua ilifika lini?” Jescah aliuliza.

“Alhamisi.”

“Alhamisi ulinikuta nikimfungia mama unga.”

“Ndiyo.”

“Ulikuwa nayo?”

“Nilikuwa nayo mfukoni.”

“Ukaniambia nimsalimie,” Jescah alisema.

Mzee Patroba aliuegemea ukuta, kwa kuwa fimbo yake ilikuwa imevunjika siku ile mlangoni. Aliwatazama wazee wenzake mmoja mmoja. Mwisho akawageukia vijana waliokuwa karibu na uzio.

“Mfungueni huyo kondoo,” alisema. “Kuingia kuna kondoo wake. Hili halina kondoo.”

Jescah alikuwa amekwisha kusimama. Alimtia Kageha mgongoni, akaingia nyumba ya mama yake. Mlango ulibaki wazi, na humo ndani hapakuwa tena na mtu ambaye Onesmus alipaswa kumkwepa, lakini hakuthubutu kumfuata.